Seli za mtoto tumboni zinajuaje zikae wapi? Maswali na majibu

Juzi nilikuwa Chamwino kwa shangazi, wakaja wadada wawili ndugu, mkubwa ana mimba ya miezi miwili na mdogo anaolewa mwezi wa nane. Maswali yao nayaandika hapa maana najua wengi mnayo.

Seli zote zimetoka kwenye yai moja, zinajuaje hii iwe kichwa hii iwe mgongo?

Zinanusa. Yaani uko mnada wa Msalato Jumamosi, ukisimama jirani na jiko la mbuzi harufu inakupiga usoni, ukisogea kwenye mitumba inapungua, ukifika kwa bodaboda unaisikia kwa mbali, hata ukifumbwa macho unajua uko wapi. Kwenye mimba changa kuna kundi la seli linamwaga protini, karibu imekolea mbali imepungua, kila seli inapima imepata kiasi gani na kwa muda gani halafu inawasha jeni zake kufuatana na hicho kipimo. Protini ya hivyo inaitwa mofojeni.

Angalia mkono wako. Mkono huo ulipokuwa kichipukizi tu, seli za upande wa kidole cha mwisho zilimwaga mofojeni inaitwa Soniki Hejihogi, ndo maana kidole cha mwisho na gumba havifanani. Wataalamu walichukua seli hizo kwenye kiinitete cha kuku wakazipandikiza upande wa pili wa bawa, bawa likaota vidole mara mbili, vinatazamana kama kwenye kioo!

Kwetu alizaliwa mwanambuzi wa jicho moja, watu wakasema ni uchawi.

Hapana jamani. Marekani, jimbo la Idaho, miaka ya 1950 wafugaji walipata wanakondoo wa jicho moja katikati ya uso, chanzo kikawa mmea wa porini ambao mama zao waliula mimba ikiwa na siku kama 14. Sumu yake inazuia ujumbe wa hiyohiyo Soniki Hejihogi, na ujumbe usipofika ubongo wa mbele haugawanyiki, macho nayo hayatengani. Wakati mwingine ni hitilafu ya jeni. Msimnyooshee kidole bibi wa watu, nawaomba sana.

Sasa sisi tufanye nini?

Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo unajifunga kama siku 28 baada ya mimba kutunga, hapo hedhi imechelewa wiki mbili tu na wengi hata hawajapima. Usipofunga vizuri mtoto anaweza kuzaliwa na mgongo wazi. Kwa hiyo vidonge vya foliki asidi, aina ya vitamini B, mikrogramu 400 kila siku, inaanzwa kabla ya kushika mimba, mlenda na kunde kula lakini peke yake usitegemee. Na vidonge vya chunusi vya isotretinoini usimeze kabisa, ni jamii ya vitamini A na vinavuruga hizo ishara.

Dada mkubwa nilimwambia aendelee na fefo za kliniki, vile vidonge vya madini ya chuma na foliki, na asijilaumu kwa lolote. Mdogo nikamwambia aanze foliki sasa hivi, asisubiri harusi.