Kwa Nini Bomba la Choo Hupimwa Kutoka Kwenye Ukuta Ambao Bado Haujakamilika?

Fundi bomba anapotega bomba la choo cha kukaa, ukuta wa bafu huwa bado ni tofali tupu na zege la sakafu halijamwagwa. Hata hivyo, kipimo chake hakipaswi kuanzia kwenye tofali analoliona, bali kwenye uso wa kigae kitakachobandikwa baadaye sana. Je, wajua sababu yake?

Sinki la choo hutoka kiwandani likiwa na umbali maalumu kati ya mgongo wa tangi na katikati ya tundu la kutolea uchafu, na umbali huo haurekebishiki. Kwa masinki yanayotolea uchafu chini, kipimo kilichozoeleka Marekani ni inchi 12 kutoka ukutani, yaani milimita 305, ingawa yapo pia ya inchi 10 na 14. Tuseme plasta, gundi na kigae vitakula milimita 25: fundi aliyepima 305 kutoka kwenye tofali atabakiwa na 280, na tangi litagota ukutani kabla tundu halijakaa juu ya bomba. Alipaswa kupima 330. Kosa hilo dogo huweza kulazimu sakafu mpya kuvunjwa, na ndiyo maana naona ni busara sinki lichaguliwe kabla ya bomba kutegwa. Kwa sinki linalotolea uchafu nyuma, kinachotawala ni kimo kutoka sakafu iliyokamilika, nacho huhesabiwa kwa namna iyo hiyo.

Pembeni, kutoka katikati ya choo hadi ukuta ziachwe walau sentimita 38, ili mtu mzima akae bila kubanwa viwiko.

Chini ya sakafu, bomba la milimita 100 likishuka kwa milimita 25 katika kila mita, maji hupata kasi ya kubeba uchafu hadi kwenye chemba, ilhali likilala bapa uchafu hutuama. Bomba la hewa nalo lisisahauliwe, kwa kuwa pasipo hewa maji yanayoshuka kwa nguvu huweza kufyonza yale yaliyobaki kwenye mkunjo wa sinki, ambayo ndiyo kizuizi pekee cha harufu.

Kabla ya zege kumwagwa, mdomo wa bomba uzibwe kwa kifuniko imara, maana zege likidondokea ndani litagandia kwenye kiwiko cha bomba, yaani pale linapopinda, mahali ambapo mkono haufiki.