Pandisha ISO, bwana: dhana potofu za wapiga picha msituni Kakamega

"Siwezi kupandisha ISO, picha itaingia chenga." Kila Machi, mvua zikikaribia na wageni kutoka Kisumu na Nakuru wakianza kumiminika msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, hiyo ndiyo salamu ninayopokea asubuhi mimi mwongozaji wao. Anayeisema huwa ameshika kamera ya bei ya pikipiki, ameiweka ISO 400 (ISO ni kiasi kamera inavyoitikia mwanga, na chenga ni zile punjepunje zinazochafua picha), na kadi yake ya jana imejaa ndege walioyeyuka. Kisha ananiuliza kama lenzi imeharibika.

Lenzi ni nzima. Tupige hesabu. Ndani ya msitu saa mbili asubuhi, kukiwa na mawingu, mwanga unaofika chini ya miti mikubwa ni haba kuliko unavyodhani, kwa kuwa macho yako yameshazoea giza na kamera haijazoea chochote. Chukua lenzi ya milimita 400 ambayo tundu lake la kupitisha mwanga likifunguka hadi mwisho ni f/6.3. Kwa ISO 400 utapata kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, ya 1/25 ya sekunde hivi. Kwa kasi hiyo, ndege akigeuza shingo tu kumtazama mdudu, kichwa chake chote kinakuwa ukungu. Panda hadi ISO 6400 na mwanga uleule unakupa 1/400. Hapo tunaweza kuzungumza.

"Lakini kamera yangu ina kizuia mtikisiko." Kinazuia mtikisiko wa mikono yako. Ndege hakimjui. Tripodi nayo haimjui.

Kinachonichosha zaidi ni imani kwamba ISO ndiyo inayozaa chenga. Chenga huletwa na uhaba wa mwanga. Tunazikuta pamoja na ISO ya juu kwa sababu tunaipandisha pale pale ambapo mwanga ni mchache. Mtu anayejibana kwenye ISO 400 akatoka na picha nyeusi, kisha akafika nyumbani na kuinua mwangaza kwa programu, atazikuta chenga zilezile alizokuwa akizikimbia. Kama alipiga kwa JPEG, faili lililobanwa, badala ya RAW, faili ghafi la kamera, atazikuta zimeharibika zaidi, na rangi za vivulini zimekwenda na maji.

Mtu akiendelea kubisha, huwa naziweka picha mbili za turako mkubwa wa buluu kwenye skrini, moja ya ISO 400 na nyingine ya ISO 6400, na kuzikuza hadi usoni. Katika ile ya pili chenga zipo, sikatai, zimetapakaa kwenye majani ya nyuma. Lakini jicho ni jicho, mdomo wa njano una ncha yake nyekundu, na kishungi cheusi unaweza kukihesabu unyoya kwa unyoya. Katika ile ya kwanza majani ni laini kama unavyopenda, na mahali pa jicho pana mchirizi. Chenga ni vijiwe kwenye mchele, utaketi uzichambue. Picha iliyotikisika ni wali ulioungua. Programu za siku hizi zinaondoa chenga vizuri sana. Jicho ambalo kamera haikulinasa, hakuna programu italirudisha. Litakalotokea ni jicho la kubuni.

Basi mpangilio wangu ni huu, na siupigii kura: kamera kwenye M (shata na tundu unaviweka mwenyewe), shata 1/500, tundu wazi kabisa, ISO otomatiki yenye kikomo cha 12800. Ndege akitulia kabisa, shuka hadi 1/250. Akiwa mdogo na machachari kama chozi, yule ndege mnywa nekta, panda hadi 1/1000. Na uache kutazama ile namba ya ISO kila baada ya picha, inakupotezea ndege.

Kosa pacha lake ni la ndege aliye kileleni huku anga nyeupe ikiwa nyuma yake. Picha inatoka kivuli cheusi, na mtu anasema msitu una giza. Anga ndiyo imedanganya kipimo cha kamera. Ongeza fidia ya mwangaza, +1.5 au hata +2, na anga iungue ikitaka. Hukuja Kakamega kupiga picha ya mawingu.

Haya, mengine tuyapitie.

Eti maua yanataka jua kali. Machi huku kwetu, karibu kabisa na ikweta, jua la mchana husimama utosini, na ua jekundu ndilo linaloumia kwanza. Piga Nandi flame, mti wa maua mekundu, wakati huo halafu uikuze picha: rangi nyekundu imejaa hadi kufurika, mishipa ya petali imefutika, umebaki na doa. Histogramu ya kawaida, ile grafu ya mwangaza kwenye kamera, huenda isikuonye, maana inachanganya rangi zote pamoja. Washa ile inayotenga nyekundu, kijani na buluu. Au njoo siku ya mawingu, siku ile ambayo wateja hupiga simu kutaka kuahirisha.

Eti maua husubiri mvua. Mengine ndiyo. Murembe, mti wenye maua mekundu, huchanua kiangazi, mara nyingi ukiwa hauna jani hata moja, na hapo ndipo mpiga picha anapotaka: hakuna kinachomficha ndege. Anayengoja mvua zikolee mara nyingi hukuta majani.

Eti chozi ni "hummingbird wa kwetu". Hummingbird wanaishi mabara ya Amerika tu, na hawa wawili si jamaa. Ningelipuuza hili kama lisingeharibu picha. Anayeamini hivyo hulenga hewani mbele ya ua, akingoja ndege aelee. Chozi anaweza kuelea kidogo, lakini kwa kawaida hutua. Hushika kikonyo kwa kucha, hujipinda, hata kichwa kikiwa chini, na kutumbukiza mdomo wake uliopinda. Kwa hiyo tafuta pa kutua. Chagua kishada kilichofunguka vizuri chenye kijiti imara kando yake, weka fokasi hapo, kisha kaa chini. Akiondoka usimfuate. Ua hujaza tena nekta yake na chozi huyarudia maua yaleyale. Unayemkimbiza kutoka mti hadi mti utampiga picha za mkia. Ninajua kukaa kunawashinda watu. Wengi wangependa nitembee nao kilomita kumi waone wamepata thamani ya pesa zao.

Eti bila lenzi kubwa usijisumbue. Kwa ndege wa kileleni, sawa, utahitaji urefu. Kwa maua yaliyoanguka njiani, gome na kuvu baada ya mvua, simu yako inatosha, na mara nyingine ni bora kwa sababu unaweza kuishusha hadi kwenye matope.

Eti turako wa Ross ameongezwa rangi. Nikionyesha picha yake akiruka, ule wekundu wa mbawa huleta maneno kila mara. Wekundu huo ni turakini, rangi yenye shaba ndani yake, ambayo ndege huyo huitengeneza mwenyewe. Akitua akakunja mbawa hufichika karibu wote, ndiyo maana waliomwona tawini tu wanabisha.

La mwisho ni simu. "Nicheze sauti ya ndege kidogo tu, atakuja." Atakuja, ndiyo. Anakuja kwa sababu amesikia mwenzake ameingia eneo lake, na huu ndio msimu ambao wengi wanajenga viota. Dakika anazozitumia kumtafuta adui asiyekuwepo ni dakika ambazo hali, halishi, wala halindi kiota. Kesho anakuja mwingine na simu yake, kesho kutwa mwingine, kwa ndege yuleyule wa kando ya njia. Vivyo hivyo kukata "kitawi kimoja tu" mbele ya kiota: kitawi hicho ndicho kivuli cha makinda, na ndicho kinachowaficha kwa kima na mwewe. Kwangu vyote viwili ni marufuku, na hilo nalisema kabla mtu hajalipa.