Ncha ya mzizi wa jino: tundu dogo linaloamua matibabu

Wagonjwa wengi wanaofika kliniki za meno hapa Dodoma, wawe wa Chang'ombe au wametoka Kongwa, huja na ombi moja: "Daktari, ning'olee tu." Wakiambiwa jino linaweza kutibiwa mzizi likabaki, huuliza kwa nini kazi hiyo inahitaji eksirei na pengine kurudi tena. Jibu liko kwenye ncha ya mzizi.

Ndani ya jino kuna kiini, nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Mishipa hiyo hutoka kwenye taya, hupita kwenye tundu dogo karibu na ncha, kisha hupanda kwenye mfereji wa mzizi. Nasema "karibu na ncha" kwa makusudi, maana mara nyingi tundu hufungukia ubavuni, wakati mwingine hata milimita 2 au 3 kutoka mwisho wa mzizi. Kabla ya kulifikia, mfereji hubana. Mbano huo kwa kawaida huwa nusu milimita hadi milimita 1 ndani ya tundu, na hapo ndipo tunapolenga kuishia tunaposafisha na kuziba.

Ndiyo maana utamwona daktari akisogeza kipete cha mpira kwenye kisindano chake, akikipima kwenye rula, kabla ya kukiingiza tena. Akipitiliza, anaumiza mfupa. Akiishia mbali, bakteria wanabaki. Eksirei haionyeshi vizuri tundu lililogeukia shavuni au ulimini, hivyo penye uwezo hutumika pia kifaa cha umeme cha kupimia urefu wa mfereji.

Mifereji yenyewe ni mingi kuliko watu wanavyodhani. Gego la kwanza la chini kwa kawaida lina mizizi 2 na mifereji 3. La juu lina mizizi 3, na mara nyingi mifereji 4, huo wa nne ukiwa na mdomo mdogo unaojificha. Karibu na ncha, mfereji unaweza kugawanyika kama Rufiji inapokaribia bahari. Kisindano hakifiki kwenye vitawi hivyo. Tunategemea dawa ya maji ya kusafishia.

Linalonisikitisha zaidi ni mgonjwa anayeacha kuja kwa sababu maumivu yamekwisha. Kiini kikifa, jino huweza kunyamaza kabisa huku sumu ya bakteria ikivuja kupitia tundu lile na kula mfupa. Kwenye picha huonekana kivuli cheusi mwishoni mwa mzizi. Mdomoni, pengine kijipu kinachokuja na kupotea kwenye fizi. Amoksilini ya duka la dawa haimalizi tatizo, kwani kiini kilichokufa hakina tena damu ya kufikisha dawa ndani.

Kwa watoto hali ni tofauti. Gego la kwanza la kudumu huota karibu na miaka 6, nyuma ya meno ya utoto, na wazazi wengi hudhani nalo litang'oka. Ncha yake huwa bado wazi hadi karibu miaka 9 au 10. Kiini kikifa kabla ya hapo, mzizi huacha kukua na kuta zake hubaki nyembamba, rahisi kuvunjika. Mtoto wa miaka 7 mwenye tundu la kuoza kwenye gego hilo aletwe sasa, hata kama halimuumi, wakati kiini bado kinaweza kuokolewa.