Mimba ya mapacha haifungi mlango wa kazi

Hapa Mombasa bado twasikia: mwenye mimba ya mapacha alale tu, na kazi asiombe mpaka ajifungue. Sivyo. Kulala kutwa pasipo sababu ya kidaktari hakuzuii watoto kuzaliwa kabla ya wakati. Muhimu ni kuhudhuria kliniki na kupumzika uchokapo. Mapacha wengi huzaliwa kabla ya wiki 37, basi panga likizo mapema.

Nawaona kina dada kwenye feri ya Likoni, bahasha ya vyeti kwapani, buibui limelegezwa lifiche tumbo. Inaniuma. Sheria ya Ajira ya 2007 yakataza kumbagua hata anayeomba kazi kwa sababu ya mimba, na likizo ya uzazi ni miezi 3 kwa mshahara kamili.