"Tired of" na "tired from": tuongee kuhusu vile vineno vidogo vya Kiingereza

Mama mmoja ninayemfundisha jioni hapa Mwanga, Kigoma, alinitumia meseji wiki iliyopita akiwa ameumia kweli. Siku hiyo alishinda juani kwenye vijiji vya huko Kasulu kikazi, karudi mjini hoi, akamwandikia bosi wake ambaye ni mgeni: "I am tired of work, can I go home?" Bosi akamjibu kwa upole kabisa kwamba sawa nenda, ila kesho tukae tuongee, kama unataka kuacha kazi ni vizuri nijue mapema. Mama wa watu hakuelewa kosa liko wapi kwasababu kila neno kwenye ile sentensi analijua.

Kosa lilikuwa "of" basi. Ukisema "tired of" maana yake hilo jambo umelichoka, limekukinai, hulitaki tena. Ukisema "tired from" ni mwili umechoka kwasababu ya hilo jambo, ukilala utaamka vizuri. Sisi tunasema nimechoka na safari, tunasema nimechoka na maneno yako, "na" ni ileile, na anayesikia anajua mwenyewe kwamba safari imechosha mwili na maneno yamechosha roho. Kiingereza hakimwachii msikilizaji hiyo kazi, kimempa kihusishi, yaani kile kineno kidogo kama "of" na "from", aifanye.

Nimefundisha Kiingereza Kigoma miaka 11 sasa na kitu ninachokipigania kila siku ni hiki: usijifunze kihusishi peke yake. Shuleni tulikaririshwa in ni ndani, on ni juu, at ni kwenye, for ni kwa ajili ya, alafu mtu akitaka kusema anatafuta la Kiswahili anageuza. Haiwezi kufanya kazi hivyo. Kihusishi kinafuata lile neno lililokitangulia, na inabidi uvimeze vyote viwili kwa pamoja kama neno moja.

Sasa kwa nini sisi inatusumbua hivi? Mi naona sababu kubwa ni kwamba pale ambapo Mwingereza anatumia kivumishi, sisi mara nyingi tunatumia kitenzi. Angalia: naogopa maji, najivunia mwanangu, nimezoea joto, nafahamu hilo tatizo. Vyote vitenzi, na kitenzi kinabeba kitu chake chenyewe bila msaada. Kwa Kiingereza hizo ni "afraid of", "proud of", "used to", "aware of", na kivumishi cha Kiingereza hakina uwezo wa kubeba nomino mbele yake, kinahitaji ndoano ya kuinasia. Ndoano ndo kihusishi. Ndo maana wanafunzi wangu wanaanza na "I afraid water", yaani wameleta kitenzi cha Kiswahili wakakivalisha nguo ya Kiingereza, wameacha "am" na wameacha ndoano.

Nomino nazo hivohivo, hazibebi. Hapa ndo mahali ninapopenda sana kupafundisha maana ukipaelewa makosa mengi yanakufa kwa mpigo. "We discussed the price", hakuna kihusishi, kitenzi kinatosha. Lakini geuza kiwe nomino: "a discussion about the price". "I answered the question", alafu "the answer to the question". "They demand dagaa", alafu "the demand for dagaa". Kwahiyo mtu anayesema "we discussed about the price" hajatunga kitu cha ajabu, ameazima ndoano ya nomino akaipachika kwenye kitenzi ambacho hakiihitaji, na tena Kiswahili kinamsukuma kwasababu tunasema tulijadili kuhusu bei. Na yule aliyekutana na mtu akasema "I met with my uncle" wakati waligongana tu sokoni, ni ile "na" yetu inaongea.

Alafu kuna vivumishi ambavyo ndoano ikibadilika na samaki anabadilika. Chukua "good". "She is good at cooking", anajua kupika. "Dagaa are good for children", wanawafaa. "She was good to me when I was sick", alinitendea wema nilipoumwa. "He is good with children", anajua kukaa na watoto, wanampenda. Kiswahili hapo kimetoa maneno manne tofauti, kujua, kufaa, kutenda wema, kujua kukaa na watu, wakati Mwingereza amekaa na "good" yake moja anabadilisha kineno cha nyuma. Ukiandika kwenye barua ya kazi "I am good for computers" umesema kompyuta zitanufaika na wewe! Na baada ya kihusishi, kitenzi kikija lazima kivae "ing": "good at swimming", "tired of waiting", "interested in learning". Hiyo haina mjadala, ishike hivyohivyo.

Upande wa kivumishi na nomino huwa sikai sana maana watu wanashika haraka. Kiswahili nomino inatangulia, Kiingereza inamaliza. Maembe mekundu makubwa matatu, "three big red mangoes", yaani ni kama umesimamisha kioo katikati, kilichokuwa mwisho kimekuwa mwanzo. Usiongeze "s" kwenye kivumishi, kwetu kivumishi kinafuata ngeli lakini chao hakigeuki. Na mpangilio una utaratibu wake: ukubwa, umri, rangi, asili, kimetengenezwa na nini. Meli ya MV Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913 ikaletwa vipandevipande na kuunganishwa hapahapa Kigoma, ni "an old German ship". Ukisema "a German old ship" wataelewa ila sikio la mzawa litashtuka.

Kinachohitaji umakini zaidi ni nomino mbili zikifuatana bila "of". Mafuta ya mawese ni "palm oil", soko la samaki ni "fish market". Soma kutoka mwisho, nomino ya mwisho ndo kitu chenyewe. "Goat milk" ni maziwa, "milk goat" ni mbuzi. Kuna mahali Kiswahili kinawashinda hawa wenzetu: "a small fish seller" haijulikani mdogo ni nani, lakini muuza dagaa mdogo na muuza dagaa wadogo hamna wa kukosea. Ngeli inafanya kazi nzuri sana pale, watoto wetu wafundishwe kuiona.

Nimalizie na kijana mmoja wa Kibirizi, pale boti za kwenda hifadhi ya Gombe zinapoondokea, anataka kuwa mwongoza watalii. Yeye shida yake ilikuwa in, on na at, kwasababu kwetu ni "ziwani" tu, ile "-ni" inabeba zote tatu. Darasani haikuingia, nkamchukua hadi ufukweni tukasimama. Sisi tuko wapi? Ziwani: "We are at the lake." Ule mtumbwi? Ziwani: "It's on the lake." Migebuka, wale samaki? Ziwani: "They're in the lake." Alafu tukaja kwenye vyombo, meli na treni ni "on" kwasababu unasimama unatembea mle ndani, mtumbwi na bajaji ni "in" kwasababu unaingia unakaa ulipokaa, bodaboda ni "on" maana uko juu yake. Akarudia mara kama sita hivi, alafu akaniuliza, "Sasa ticha, Kigoma yenyewe?"

Nkamwambia "Kigoma is on Lake Tanganyika". Akakataa, mji hauelei juu ya maji. Nkachukua kijiti nkachora mstari wa ufukwe mchangani nkaweka nukta inayougusa, hiyo nukta ndo Kigoma, "on" hapo ni kugusana na ule mstari, ndo maana hata London wanasema iko "on the Thames". Akaangalia mchoro, akachukua kijiti akaweka nukta nyingine kusini kidogo, akasema, "Ujiji is on the lake too."