Je, wajua ni kwa nini anayefaa timu ya taifa anaweza kukataliwa na jimbo?

Novemba 19, 2022, Old Trafford, Manchester. Fainali ya Kombe la Dunia la raga ya watu 13: Australia dhidi ya Samoa. Jarome Luai yuko upande wa Samoa. Nathan Cleary yuko upande wa Australia. Miezi minne nyuma, Julai hiyohiyo, wawili hao walikuwa bega kwa bega wakiichezea New South Wales, jimbo la Australia ambalo makao yake makuu ni Sydney.

Nilipolisoma hilo nilihukumu papo hapo: huyu Luai kabadilisha uraia, au kuna faili limepotea ofisini kwa watu. Nikamweleza na rafiki yangu, kwa sauti ya mtu anayejua.

Hakuna faili lililopotea, na uraia wake haukuguswa. Samoa ilimpata kwa nasaba, New South Wales ilimpata kwa malezi, na hakuna aliyemnyang'anya mwenzake. Australia ilishinda 30–10, na mwaka uliofuata Luai aliitwa tena na New South Wales bila mtu kumwomba aeleze alikokuwa.

Kosa langu lilitokana na ngazi niliyokuwa nayo kichwani. Sisi tuliocheza michezo ya shule tulizoea hivyo: kata, wilaya, mkoa, taifa. Ukifanya vizuri chini unapandishwa juu. Kwa hiyo nilidhani jimbo la Australia ni daraja la chini ya timu ya taifa, na kwamba anayekubalika juu hawezi kukataliwa chini. Tena nilikuwa na mfano wa karibu wa kunipoteza zaidi: Feisal Salum huichezea Zanzibar Heroes kwenye michuano ya CECAFA, kisha huichezea Taifa Stars, na hakuna anayeshangaa. Ngazi imekaa sawa. Lakini hebu fikiria mchezaji wa Zanzibar Heroes mwenye bibi Mngazija ambaye mwezi unaofuata anaivalia jezi Komoro, halafu mwakani anarudi Zanzibar Heroes na kupigiwa makofi. Hapo ngazi imevunjika, na hapo ndipo raga ya watu 13 imejenga nyumba.

Mchezo wenyewe kwa haraka. Raga tuliyoizoea Afrika Mashariki, ya akina Shujaa wa Kenya, ni ya tawi jingine. Tawi hili lilijitenga mwaka 1895 kaskazini mwa Uingereza kwa ugomvi wa malipo ya wachezaji, likaja kupata mashabiki wake wakali zaidi mashariki mwa Australia. Huko, pambano linalosimamisha shughuli ni la majimbo mawili, New South Wales na Queensland, mechi tatu kila mwaka. Linaitwa State of Origin, yaani jimbo la asili. Neno zito hapo ni la mwisho.

Kuna maswali mawili ambayo kila mgeni wa Nairobi au Dar es Salaam huulizwa. La kwanza: unakaa wapi? La pili, ambalo huja baada ya chai: kwenu ni wapi? Mtu anaweza kukaa Buruburu miaka 40, akalipa kodi na kuzikia jirani zake huko, na bado swali la pili akalijibu kwa kutaja kijiji ambacho watoto wake wamekiona mara tatu. Makazi huhamishwa kwa lori. Kitovu kilizikwa mara moja.

Tangu 1908 hadi 1980, majimbo yale yalichagua wachezaji kwa swali la kwanza: ulikuwa wa jimbo ambalo klabu yako ilicheza. Hilo halikuwa na neno mpaka fedha zilipoegemea upande mmoja. Mwaka 1956 New South Wales iliruhusu mashine za kamari kwenye klabu, Queensland haikuruhusu, na klabu za Sydney zikawa na uwezo wa kununua vijana bora wa Queensland. (Mashine hazielezi kila kitu. Sydney ilikuwa pia na watu wengi zaidi na ligi ngumu zaidi.) Matokeo yake ni kama kijana wa Mombasa anayelipwa na klabu ya Nairobi: siku miji hiyo ikikutana, anavalishwa jezi ya Nairobi na kutumwa akawafunge wajomba zake. Queensland ilikuwa ikipigwa karibu kila mwaka na watu iliowalea yenyewe.

Mwaka 1980 New South Wales ilishinda mechi mbili za kwanza, 35–3 na 17–7. Ya tatu haikuwa na maana tena, kwa hiyo haikuwa na hatari kuijaribia jambo. Ron McAuliffe, seneta aliyeongoza raga ya Queensland, alikuwa akisukuma wazo ambalo kandanda ya Kiaustralia (mchezo mwingine wa huko, si soka) ilishalifanyia kazi mwaka 1977: safari hii waulizwe, kwenu ni wapi? Julai 8, katika uwanja wa Lang Park mjini Brisbane, Arthur Beetson, mzaliwa wa Roma, Queensland, aliyewahi kuichezea New South Wales kwa kanuni ya makazi, aliiongoza Queensland akiwa na miaka 35. Walishinda 20–10. Kuna kisa cha yeye kumvaa Mick Cronin, mwenzake wa klabu aliyekuwa upande wa New South Wales siku hiyo, kisa ambacho hutiwa chumvi kidogo kila mwaka.

Ila kuuliza kwenu ni wapi ni rahisi kuliko kulipima jibu. Kwa miaka mingi kipimo kilikuwa mahali mtu alipoanza kucheza raga ya wakubwa, na kipimo hicho kilivuja. Greg Inglis alizaliwa Kempsey na kukulia Bowraville, kote New South Wales. Queensland ilimchukua mwaka 2006 kwa hoja kwamba raga yake ya kikubwa ilianzia Brisbane, na akaifungia trai 18. Watu wa New South Wales hawajalimeza hilo hadi leo. Mwaka 2012 ikawa zamu yao kulaumiwa: James Tamou, mzaliwa wa New Zealand aliyekwisha kuichezea timu ya Wamaori, wenyeji wa asili wa huko, alivaa jezi yao. Mwisho wa mwaka huohuo kanuni ilikazwa: uwe umezaliwa katika jimbo, au uliishi humo kabla ya kutimiza miaka 13, au baba yako aliwahi kulichezea katika Origin. Wengi huunganisha umri huo na kesi ya Tamou. Inaelekea hivyo, ingawa kufuatana si ushahidi.

Timu za taifa hufuata utaratibu mwingine kabisa. Hapo hakuna kitovu kimoja, kuna milango minne: ulikozaliwa, wazazi, babu na bibi, au kuishi nchini miaka kadhaa mfululizo. Mtu mmoja anaweza kuwa na milango mitatu wazi. Ndiyo maana Stephen Crichton, aliyezaliwa Apia, Samoa, na kukulia Sydney, ni wa Samoa na wa New South Wales bila kujipinga. Wala si mtindo mpya: Adrian Lam, mzaliwa wa Rabaul nchini Papua New Guinea, alikuwa nahodha wa nchi hiyo na pia nahodha wa Queensland.

Kulikuwa na kikwazo kimoja. Australia, New Zealand na England ziliwekwa daraja la juu, na kwa kanuni za 2022 aliyechagua New Zealand au England alijifungia mlango wa Origin. Victor Radley, kijana wa Sydney mwenye baba Mwingereza, aliichagua England mwaka huo akijua bei yake. Samoa, Tonga na Fiji, zilizokuwa daraja la pili, hazikudai bei hiyo.

Aliyeniondolea ngazi kichwani moja kwa moja ni Semi Radradra. Aliichezea Fiji Kombe la Dunia la 2013, akaendelea kuishi Sydney, na Mei 2016 mlango wa makazi ukamwingiza timu ya Australia, akacheza dhidi ya New Zealand. Juni 1 Origin ikaanza. Radradra alikuwa amefika Australia akiwa mtu mzima, na majimbo yote mawili yalilazimika kumwacha.