Umri wa ndege hauhesabiwi kwa miaka

Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria aina ya ATR 42 ilipoanguka Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba, simu yangu haikupumzika. Ndani walikuwamo watu 43, na 19 kati yao walifariki. Shangazi yangu wa Kibosho alipiga akiwa ndiyo kwanza ametoka kanisani, na hakungoja hata nimwamkie.

"Mwanangu, hilo dege lilikuwa zee?"

Kutwa nzima niliulizwa hivyohivyo: na mwenye duka ninakonunua vocha hapa Kisongo, na dereva wa Noah, na wenzangu tuliosoma pamoja. Picha za wavuvi waliofika kwanza kwa mitumbwi zilikuwa zimeenea kwenye kila simu. Watu walikuwa na uchungu, na uchungu ukishapanda hutafuta pa kushukia. Siku ile ulishukia kwenye neno moja: chakavu. Tunapakiwa kwenye ndege chakavu.

Mimi ni fundi wa ndege. Ninaielewa hofu hiyo na siidharau, maana ndege inaweza kuua kwa uzee. Lakini ile ya Bukoba haikuwa imefikisha hata miaka 15. Boeing 737 MAX iliyoanguka Ethiopia tarehe 10 Machi 2019, ikitoka Addis Ababa kwenda Nairobi na watu 157, ilikuwa na miezi minne tu tangu ikabidhiwe. Nyingine ya aina hiyo iliyoanguka Indonesia Oktoba 2018 na watu 189 nayo ilikuwa mpya. Hizo mbili ziliangushwa na programu ya kompyuta iliyosukuma pua chini kwa kuamini kihisi kimoja kilichotoa taarifa za uongo. Bati lao halikuwa na tatizo lolote.

Basi ndege inazeekaje? Hapa naomba uvumilivu kidogo, kwa sababu ndiyo sehemu ambayo huwa simalizi kuieleza kwenye simu.

Ndege kubwa ya abiria husafiri kwenye futi 36,000 hivi, karibu mara mbili ya kimo cha kilele cha Uhuru. Huko juu binadamu hawezi kupumua akaishi. Kwa hiyo hewa husukumwa ndani mpaka abiria ajisikie kama yuko futi 8,000, yaani kama mtu anayepanda Kilimanjaro akiwa kati ya Geti la Marangu na kibanda cha Mandara. Tofauti ya hewa ya ndani na ya nje hulisukuma bati la ndege kwa nguvu ya karibu tani tano na nusu kwa kila mita ya mraba. Bodi yote inavimba kidogo. Ikishuka, inanywea. Kesho inavimba tena.

Chukua kipande cha waya, ukikunje na kukikunjua. Mara ya kwanza hakuna kitu, na hata mara ya kumi. Halafu ghafla kinakatika mkononi, na wala hukuongeza nguvu. Hiyo ndiyo tunayoiita uchovu wa metali. Metali haijui kalenda, inajua imekunjwa mara ngapi. Ndege inayotoka Ulaya usiku kucha hadi KIA, uwanja wa Kilimanjaro, imevimba mara moja. Ndege ya safari za nusu saa kati ya kisiwa na kisiwa inaweza kuvimba mara kumi na zaidi kabla ya jua kuzama.

Ndivyo ilivyokuwa Hawaii tarehe 28 Aprili 1988. Boeing 737 ya Aloha Airlines, iliyotengenezwa mwaka 1969, ilikuwa imeruka mara 89,680. Gawanya kwa miaka 19 na utapata karibu mara 13 kila siku, tena kwenye hewa ya chumvi ya bahari. Ikiwa futi 24,000, kipande kikubwa cha paa la mbele kiling'oka chote. Mhudumu mmoja alichukuliwa na upepo akafariki. Wengine 94 walinusurika kwa sababu marubani waliitua ikiwa wazi juu kama pikapu. Wachunguzi walikuta gundi ya maungio ya bati imeachia, kutu imeingia, na nyufa ndogondogo zimeota kutoka tundu moja la ribiti, vile vipini vinavyoshikanisha bati, hadi jingine mpaka zikakutana. Kila ufa peke yake ulikuwa mdogo.

Baada ya hapo Marekani ilitunga sheria maalumu ya ndege kongwe, mwaka 1991, na ukaguzi wa maungio yale ukabadilika dunia nzima. Ukiona fundi amelala chali chini ya ndege na tochi na kioo kidogo kama cha daktari wa meno, anafanya kazi iliyotokana na maafa yale.

Kuna mfano mwingine ambao kwangu unatisha zaidi. Tarehe 25 Mei 2002, Boeing 747 ya China Airlines ilivunjikia angani karibu na Taiwan, wakafa wote 225. Mwaka 1980 ilikuwa imekwaruza mkia kwenye njia ya kurukia huko Hong Kong. Badala ya kuliondoa bati lililojeruhiwa, mafundi waliligandamizia kiraka juu. Chini ya kiraka mikwaruzo ilibaki, na nyufa zikakua taratibu kwa miaka 22 mahali ambapo hakuna jicho lingeweza kufika. Wakaguzi wangapi walipita pale wakaona kiraka safi chenye rangi nzuri? Nikishika kazi ya kutia kiraka, hiyo ndiyo ndege ninayoifikiria.

Caravan, ndege ndogo za propela tunazozihudumia hapa Arusha, hazijazwi hewa, kwa hiyo hazivimbi. Ni sababu mojawapo hata DC-3, iliyoruka mara ya kwanza Desemba 1935, bado unaweza kuikuta hewani mahali fulani. Adui zetu ni wengine. Kokoto za viwanja vya mbugani hutoboa na kukwaruza panga za propela, vumbi huingia kwenye injini, na chumvi ya Zanzibar hung'ang'ania kwenye maungio. Watu wa Arusha mnaijua hali hii kwa Land Cruiser za watalii. Hakuna anayenunua kwa kutazama mwaka tu. Unauliza imeenda Serengeti mara ngapi, unainama kuangalia chasisi, unataka kujua nani alikuwa anaifungua.

Nikiwa mwanagenzi nilipewa nikague bano la chuma la gia ya kutulia, yaani miguu ya ndege. Nilitazama kwa tochi, nikasema liko sawa. Mzee aliyenifundisha hakubishana nami. Alilisafisha upya kwa dawa, akalipaka wino mwekundu unaopenya, akanywa chai. Kisha akaufuta wino wote na kupuliza poda nyeupe. Tukasubiri. Mstari mwekundu mwembamba kuliko unywele ukajichora taratibu juu ya ile poda, pembeni mwa tundu la bolti. Nilihisi tumbo limepoa. Akanipa kalamu: "Andika."

Ndiyo maana nikiletewa ndege nisiyoijua, naomba vitabu vyake kabla sijafungua hata skrubu moja. Imepaa na kutua mara ngapi, iligongwa wapi, nani alitia sahihi, kifaa kipi kilibadilishwa na kilitoka wapi. Ndege ya miaka 30 yenye vitabu vilivyokamilika nitaipanda na watoto wangu. Ya miaka minane iliyopotezewa kurasa za miaka miwili, hapana, na sitaisainia.

Kuhusu Aloha kuna jambo sijalitaja. Abiria mmoja alieleza baadaye kwamba aliona ufa karibu na mlango wakati anapanda. Hakumwambia mtu yeyote.

Mwaka jana, hapa uwanja wa Arusha, mzee mmoja kutoka Longido aliniita kwa fimbo yake. "Fundi, ndege yenu inavuja." Abiria wenzake walikuwa wamekwisha kuanza kupanda. Nikainama naye chini ya bawa. Yalikuwa mafuta: tangi lilikuwa limejazwa pomoni asubuhi, jua likapiga, mafuta yakatanuka na kutoka kwenye tundu la kupumulia, kama inavyotakiwa. Nikamwonyesha tundu lenyewe, nikamshukuru, nikamwambia anaweza kupanda.

"Ngoja kwanza," akasema. Tukasimama wote wawili, tukitazama, mpaka tone la mwisho likadondoka. Ndipo akapanda.